Jicho la Mtazama Ndege, Mkono wa Mvuvi

Sululu akisimama kwa mguu mmoja, usikimbilie kumhurumia. Ndege wa pwani hupumzika hivyo: mguu mmoja matopeni, wa pili umefichwa ndani ya manyoya ya tumbo, na ule mdomo mrefu uliopinda umelazwa mgongoni. Ukimsogelea anaweza kurukaruka hatua kadhaa kwa mguu uleule, kwa uvivu tu wa kuushusha mwingine. Asiyejua huondoka akisimulia kwamba ameona ndege kilema. Anayejua husubiri mpaka maji yamguse, au mwewe apite juu na kundi zima lishtuke, ndipo atazame. Mguu wa pili umeshuka? Umeshuka mzima, au umeshuka ukiwa umezungukwa na kitu kinachong'aa?

Hicho kinachong'aa ni mshipi wa nailoni. Kukiona juu ya mguu mwembamba, kwa mbali, jua likiwa linapiga kwenye maji, ni ujuzi ambao haupati sifa unayostahili.

Nazungumzia hori la Mida, karibu na Watamu katika kaunti ya Kilifi, ingawa mengi nitakayosema yatamfaa pia mtu wa Tanga au Kisumu. Mida huingia nchi kavu kwa mlango mwembamba kutoka baharini, kisha hupanuka kuwa uwanda wa tope na mchanga uliozungukwa na mikoko, na upande wa bara upo msitu wa Arabuko-Sokoke. Wageni wengi huenda msituni kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke, na siwalaumu. Lakini bundi yule ni suala la bahati na kiongozi hodari. Hori hudai kitu kingine: kuyajua maji.

Maji yakiwa yamepwa, ndege hutawanyika mbali sana juu ya tope hata darubini nzuri huonyesha madoa tu. Yakianza kujaa, hurudi polepole kuelekea ukingoni, wakisukumwa na maji hatua kwa hatua, na hapo ndipo pa kukaa. Bamvua huwaleta karibu zaidi, na maji mafu huwaacha mbali. Mtu anaweza kufika na darubini yenye thamani ya ng'ombe wawili akaondoka mikono mitupu kwa sababu amekuja saa isiyofaa, huku kijana aliyekulia Mida akijua saa ya kutoka nyumbani kwa kuangalia mwezi wa jana usiku. Kutazama ndege, kwa maana hiyo, si kazi ya kigeni pwani. Ni nusu ya elimu ya mvuvi, aliyoipata kwa sababu nyingine.

Anayeifanya safari ya Mida iwe na maana ni mlakaa. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu, na mdomo mweusi mnene uliotengenezwa kuvunja magamba ya kaa. Katika jamii yote ya ndege wa fukweni yeye peke yake hutaga ndani ya shimo alilolichimba mchangani, na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Mashimo hayo yako kwenye visiwa na fukwe za Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na pwani ya Somalia. Huja kwetu kukaa miezi ya kaskazi, na wengi huondoka kusi inapoanza, wakifuata njia ileile iliyofuatwa na majahazi ya Oman. Kinda humfuata mzazi mpaka huku. Utamwona tayari amekuwa mkubwa, karibu kimo cha mzazi wake, bado anamkimbilia akilialia apewe kaa, na mzazi bado anampa. Mlakaa mmoja akifa Mida mwezi wa Desemba, si lazima hesabu iwe ya ndege mmoja.

Pamoja na mlakaa kuna vitwitwi waliozaliwa Siberia, kaskazini kabisa, na chekehukwa wadogo wa mchangani wanaozaliana milima ya Asia ya Kati. Baadhi yao wana pete. Shirika la A Rocha Kenya, lenye kituo chake Watamu, limekuwa likiwakamata ndege hawa kwa nyavu laini pale Mida, kuwapima, kuwavisha pete ya chuma yenye nambari na kuwaachia. Pete hiyo huchaguliwa kulingana na mguu wa kila aina. Iwe pana kiasi cha kuzunguka bila kukwaruza, isiwe pana kiasi cha kuteleza mpaka vidoleni. Mwenye kuivisha hushika mguu wa ndege asiyezidi uzito wa yai la kuku, huku ndege mwenyewe akipiga moyo mbio mkononi, na hatakiwi kukosea. Mshipi nao huuzunguka mguu uleule, ila haupimwi na mtu yeyote. Kila ndege anapovuta, kitanzi hukaza. Mguu huvimba, uvimbe hukaza kitanzi zaidi, damu haipiti, na baada ya muda kidole hukatika. Wapo wanaoishi hivyo, vidole viwili pungufu. Wengine hubeba kipande kirefu kinachoning'inia mpaka jioni wanapokwenda kulala juu ya mikoko, mshipi ukanasa kwenye tawi, na asubuhi wanakutwa wamening'inia kichwa chini.

Zamani mvuvi wa pwani alivua kwa uzi wa pamba au wa nyuzi za mimea. Ulipokatika, jua na chumvi viliumaliza. Nailoni iligunduliwa Marekani mwaka 1935, katika maabara ya DuPont chini ya mkemia Wallace Carothers, na sifa zilizoifanya ipendwe na mvuvi ndizo zinazomuua ndege: haiozi, haionekani majini, na haikatiki kwa urahisi. Sioni haja ya kumtaka mvuvi arudi kwenye pamba. Mshipi ni riziki yake, naye haupotezi kwa kupenda. Ukinasa kwenye mzizi wa mkoko wakati maji yanajaa, hukata kilichonasa na kuokoa kilichobaki, kwa kuwa kila pima ni pesa. Tatizo kubwa zaidi, kwa macho yangu, ni vile vipande vilivyotatizika ambavyo havifai tena kuvulia. Hivyo hutupwa palepale mtu aliposimama, mara nyingine na ndoana na chambo chake. Yangeyange akija kukichukua kile chambo, ameingia shughuli isiyo yake.

Na hapa ndipo ninapotaka kuusifu mkono. Kumwokoa ndege aliyenaswa si huruma tu. Huruma bila ufundi humvunja bawa. Kwanza mtupie kitambaa kichwani, kwa maana gizani ndege hutulia. Akiwa korongo, shika shingo kabla ya kitu kingine chochote, kwani hulenga macho na hukosa kwa nadra. Akiwa mnandi, mwache mdomo uachane kidogo: hana matundu ya pua yaliyo wazi, hupumua kwa mdomo, na wapo waliomfunga mdomo kwa nia njema wakamuua. Ndoana ikiwa imeingia kwenye ngozi, haivutwi ilikotoka, kwa kuwa kile kimwiba kinachotazama nyuma kitachana nyama. Isukume mbele mpaka ncha itokeze, kata kimwiba kwa koleo, kisha irudishe taratibu. Ikiwa imemezwa, usivute kabisa. Acha kipande cha mshipi kinachoonekana ili daktari wa wanyama apate pa kuanzia, na mpeleke. Na kamwe usikate mshipi ukamwachia ndege aruke na mkia wa nailoni. Huko ni kumtuma akanyongwe mbali na macho yako.

Nani aliye na vidole vya kazi hiyo? Mvuvi. Mtu aliyetumia maisha yake akitatua mshipi uliofungamana usiku, ndani ya mtumbwi unaoyumba, hahitaji kufundishwa namna ya kutafuta mwanzo wa fundo. Mtazama ndege ana jicho la kugundua kwamba yule sululu wa tatu kutoka kushoto hakanyagi sawasawa. Mvuvi ana mkono wa kumfungua. Kwa muda mrefu watu hawa wawili wamekaa ukingo mmoja wa hori wakitazamana kama wageni, mmoja akimwona mwenzake mharibifu, mwingine akimwona mwenzake mtu asiye na kazi ya kufanya.

Serikali imefanya yake. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kuingizwa katika hifadhi za taifa na fukwe zake. Ni hatua kubwa, lakini mshipi si mfuko wala chupa, na askari wa getini hana sababu ya kuukamata. Uingereza iliwahi kubana upande mmoja wa jambo hili: mwaka 1987 ilizuia matumizi ya chubwi ndogo za risasi katika uvuvi wa ndoana, baada ya mabata-maji kufa kwa sumu ya risasi walizomeza, na idadi ya mabata-maji ikapanda tena. Marekani, jimbo la Florida husimamisha mabomba ya plastiki kwenye magati ili wavuvi watumbukize humo mishipi chakavu. Bomba la namna hiyo linapatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Malindi hadi Mtwapa, na BMU yoyote, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, inaweza kulisimamisha bandarini kwake kwa siku moja. Ila lazima awepo mtu wa kulimwaga. Bomba lililojaa likaachwa ni mtego mpya wa ndege.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Watamu penyewe, kwa kasa. Local Ocean Conservation, iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch, hupigiwa simu na mvuvi aliyenasa kasa wavuni. Hufika, humpima na kumvisha alama, hurudisha mnyama baharini, na mvuvi hupewa fidia ndogo ya muda na wavu wake. Hakuna mhadhara wala mashtaka. Mvuvi amefanywa mtu wa kazi ile. Sioni kwa nini ndege wasifanyiwe vivyo hivyo: kijana mwenye darubini anayeona, mvuvi mwenye koleo anayefungua, na simu kati yao.

Kutazama kwenyewe kunafundishika. Nairobi, Fleur Ng'weno ameongoza matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho ya Taifa tangu miaka ya 1970, na wataalamu wengi wa ndege wa Kenya walianzia katika kundi lile, wakiwa wanafunzi wasio na darubini zao wenyewe. Pwani inahitaji Jumatano zake, zikipangwa kwa maji na si kwa saa, na zikiwa na wavuvi ndani yake.

Kabla ya hapo, msomaji, kuna jambo usilohitaji kumngojea mtu. Maji yakipwa, tembea kando ya mikoko na kisu na mfuko. Mshipi utakaoukuta kwenye mizizi, usiuvute kwa nguvu; ukate, uuviringe, na uwe nao mpaka nyumbani. Usiuache kwenye jalala la ufukweni, kwa sababu kunguru wataufukua. Ukifika, ukate vipande vifupi kuliko kidole, ndipo uutupe.