Kamusi Elezo na Jina la Vita

Tangu Wikipedia ya Kiswahili ilipoanzishwa mwaka 2003, kazi ya kuandika habari za nchi si ya wataalamu peke yao. Mtu ye yote mwenye intaneti aweza kujitolea kueleza vita, vyama na viongozi wa nchi yake, bila ujira na bila jina lake kutiwa juu ya makala. Kazi hiyo yastahili sifa, lakini sifa haiondoi haja ya kuipima. Kipimo chema ni Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907.

Sharti la kamusi elezo hiyo ni kwamba mhariri asielemee upande wo wote, na kila asemalo liwe na ushahidi uliokwisha kuchapwa. Sharti ni jema. Ila yafaa kuuliza ni nani waliotangulia kuchapa. Gavana von Götzen, aliyetawala koloni wakati huo, alitoa kitabu chake mwaka 1909, na humo aliyaita mambo hayo maasi. Maandishi mengi ya Kiingereza yamelifuata jina hilo. Basi mhariri akifasiri tu, amekwisha kushika upande kabla ya sentensi ya pili, maana hawi mwasi ila aliyevunja utii uliokuwa haki kudaiwa. Neno vita halina hukumu hiyo. Lasema tu kwamba pande mbili zilipigana.

Wala Kiswahili hakikukosa ushahidi wake. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi ulitolewa mwaka 1957, pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, kwa jina la Utenzi wa Vita vya Maji-Maji. Tena mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee katika nchi zilizopigana. Mshairi na mzee nao wana upande wao, na hawana budi kupimwa; lakini kuwapima si sawa na kuwaacha.

Hesabu ya waliokufa yaonyesha njia. Wajerumani walikisia watu 75,000. Mwanahistoria Gwassa alikisia 250,000 hadi 300,000. Mhariri mvivu huchagua moja, na mwoga huandika “watu wengi.” Mhariri mwaminifu huziandika zote mbili, akamtaja mwenye kila moja, msomaji apate kuamua.

Huko Songea, viongozi wa Wangoni walinyongwa mwaka 1906. Mtoto wa huko atafutaye habari za babu zake huenda asipate kitabu kingine ila makala hayo. Kwa hiyo mhariri asiyelipwa amebeba amana kubwa kuliko wengi wanaolipwa.