Msaada Unaotaka Kuulizwa kwa Jina

Tumezoea katika kurasa hizi kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii twaomba ruhusa ya wasomaji kuhakiki maandishi ya namna nyingine, ambayo walimu huyasoma kwa haraka na kwa jasho, wala hapana ayahesabuye kuwa ni maandishi. Nayo ni maelezo ya msaada yaliyotiwa ndani ya programu za kuonyeshea slaidi. Hapa Uganda, tangu Baraza la Mawaziri lilipokubali mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, ni dhahiri kwamba walimu wengi zaidi watasimama mbele ya madarasa wakiwa na vitabu vichache. Penye projekta, slaidi huziba sehemu ya pengo hilo. Na mwalimu akikwama katikati ya kipindi, wanafunzi 60 wakimtazama, aghalabu hana wa kumkimbilia ila msaada huo uliomo ndani ya mashine.

Tuseme waziwazi kwamba dosari ya msaada huu si uhaba wa maneno. Maneno ni tele. Dosari yake ni kuandikwa kana kwamba muulizaji tayari analijua jina la kitu asichokijua. Tuchukue mfano mmoja na kuutazama kwa utulivu. Mwalimu amepokea slaidi za ngeli kutoka kwa mwenzake, na kila sentensi huingia ikizunguka kama pia. Anataka mzunguko huo ukome. Katika Kiswahili chake jambo hilo ni kusogea. Na slaidi nzima inapoingia kwa mbwembwe ikiifukuza iliyotangulia, hilo nalo ni kusogea vilevile. PowerPoint haikubali. Kwake mwendo wa kitu kilichomo ndani ya slaidi ni sura moja ya kitabu, na mpito wa kutoka slaidi hadi slaidi ni sura nyingine. Sura hizo zina majina mawili ya Kiingereza yasiyofanana hata kidogo, na amri zake zimewekwa mahali pawili. Mwalimu akiingia katika sura ya mpito, atafuta kila alichokikuta humo, na sentensi zitaendelea kuzunguka. Msaada haukumdanganya, umemjibu swali ambalo hakuliuliza. Na kumbe imo amri ya kuonyesha slaidi zote bila mwendo wowote, imelala katika kidirisha cha maandalizi ya maonyesho, ikingoja ajuaye kuiulizia.

Ndivyo ilivyo pia kwa atakaye nembo ya shule ionekane katika kila slaidi. Hataipata njia mpaka ajue kwamba ipo slaidi ya asili, ambayo nyingine zote huiga sura yake, na kwamba Kiingereza kimeipa jina lenye maana ya mkuu au bwana. Sisi tungeiita slaidi mama, na mwanafunzi wa darasa la sita angeelewa papo hapo.

Mtoto asiyejua jina la kitu hukinyoshea kidole. Hapa ndipo tunapoona sehemu iliyo bora kupita zote katika msaada huu, ijapokuwa haisifiwi. Ukikipeleka kishale cha kipanya juu ya alama yoyote, ukakituliza bila kubonyeza, jina la alama hiyo hujitokeza, mara nyingi pamoja na maelezo mafupi. Katika Impress, programu ya slaidi iliyomo ndani ya LibreOffice, ukibonyeza Shift na F1 kwa pamoja kishale hupata umbo la kuulizia, nawe ukikielekeza kwenye kitu hupewa maelezo marefu kidogo. Huo ndio msaada wenye adabu: waanza na kile mtu anachokiona, wamfundisha jina lake, kisha wamwachia akalitafute jina hilo katika kitabu kikubwa akipenda.

Watengenezaji waliwahi kujaribu njia nyingine. Katika Office 97 walimweka msaidizi mwenye umbo la kibanio cha karatasi, ana macho na nyusi, naye alijitokeza mwenyewe akikisia unachotaka kufanya. Alikuwa kama mgeni aingiaye jikoni bila kubisha hodi na kuanza kuonja chumvi. Watu walimchoka, katika toleo la mwaka 2001 alizimwa mpaka mtu amwite, na katika Office 2007 hakuwamo tena. Kisha katika toleo la 2016 kikaja kisanduku ambamo mtu huandika anachotaka kutenda, na mashine humletea amri yenyewe aibonyeze. Ni maendeleo makubwa, wala hatuyabezi. Walakini sisi walimu tuna neno moja: kisanduku hicho hutenda bila kufundisha. Mtu huipata amri leo asijue inakaa wapi, na kesho huiuliza tena. Fauka ya hayo, katika programu iliyo kwa Kiingereza, nayo ndiyo iliyo mikononi mwa wengi wetu, muulizaji wa Kiswahili hapati chochote cha maana.

Iko na adha ya mtandao. Kitabu kikubwa cha msaada wa PowerPoint siku hizi hutegemea intaneti, hata mtu wa shule isiyo na mtandao hufungua mlango na kukuta chumba kitupu. LibreOffice ina afadhali, kwa kuwa msaada wake waweza kupakuliwa na kuwekwa ndani ya kompyuta. Ila kwa watumiao Windows hupakuliwa peke yake, mbali na programu, na asiyeambiwa huuacha.

Kuhusu lugha, wako wanaoona kwamba amri tupu kama “bonyeza”, “chagua”, “buruta” ni ukavu wa heshima kwa mtu mzima. Hatukubaliani nao. Karatasi za mitihani zimesema “jibu maswali yote” miaka na miaka, na hapana mzee aliyetukanwa. Kazi ngumu iko katika majina. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza programu ya slaidi ikasema nasi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini kutafsiri jina la kitufe ni jambo moja, na kutabiri neno ambalo mwalimu wa Mbale au wa Gulu atalitamka akikwama ni jambo jingine; na hilo la pili tunalijua sisi tulio darasani kuliko fundi yeyote. Kama mwendo na mpito ni maneno yanayofaa, tuyatumie tangu sasa katika masomo yetu, na pembeni yake tuandike kusogea, kuruka, kuzunguka, kwa kuwa muulizaji ataanzia huko.

Mwisho, twaitaja sehemu moja fupi ambayo tungeitia katika kila somo la ualimu. Slaidi zikiwa tayari zinaonyeshwa, ukibonyeza F1, na katika kompyuta nyingine za mkononi sharti uishike Fn pamoja nayo, PowerPoint hukuletea orodha ya vitufe vya wakati huohuo, bila intaneti na bila dibaji. Humo utakuta kwamba namba ya slaidi ikifuatwa na kitufe cha kuingiza hukupeleka moja kwa moja kwenye slaidi hiyo, na kwamba herufi B huifanya skrini iwe nyeusi, ili wanafunzi wakutazame wewe, mpaka uibonyeze tena.