Wikipedia ya Kiswahili Darasani: Kunakili au Kuhariri?

Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, na hadi leo walimu wengi tunaitaja darasani kwa kuikataza tu: "Msinakili huko!" Katazo hilo tunaliunga mkono kwa nusu. Makala nyingi humo ni fupi mno, zenyewe hukiri kuwa bado ni "mbegu". Nyingine zina harufu ya tafsiri ya Kiingereza, na upatanisho wa ngeli huyumba mithili ya "mji hii". Kwa wanafunzi wetu wa Uganda, ambao wengi wao hawakukipata Kiswahili nyumbani, makosa ya namna hiyo huambukiza.

Lakini makosa hayohayo ndiyo mali ya mwalimu. Kitabu cha kiada huja kimekwisha kusahihishwa. Humu mna kitufe cha kuhariri, na historia ya makala inayoonyesha nani alibadili nini, siku gani. Anayeandika "mji huu" badala ya "mji hii" huenda akatakiwa kujieleza mbele ya wahariri asiowajua, pengine wajuzi kuliko mhadhiri wake (hilo, tuseme kweli, linatutisha baadhi yetu). Insha ya darasani husomwa na mtu mmoja, ikapewa alama, basi.

Tunachokihofia ni kuhesabu. Mwaka 2009 Google iliandaa shindano la kuandika makala kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, lenye zawadi. Makala ziliongezeka upesi. Wingi, hata hivyo, si ufasaha. Tukigawa alama kwa idadi ya makala, tutavuna tafsiri za mashine. Alama ziende kwenye ukurasa wa majadiliano, mwanafunzi anapotetea neno alilolichagua.