Bia Nyeusi na Kasiksi: Tunapima Nguvu ao Tunapima Ladha?

Kuna methali ya Kiswahili inayosema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huko pwani tembo ni pombe ya mnazi, ndugu ya masanga ya mbila ya kwetu. Hapa Kongo mtu akisikia tembo anafikiri mnyama, ao ile bia nyeusi ya Lubumbashi yenye jina hilo. Lakini fundisho linabaki moja: sifa za bure zinaharibu kinywaji. Mahali ambapo hakuna mtu wa kusema “leo imepungua”, mwenye kutengeneza anapunguza.

Tuangalie basi namna sisi wenyewe tunavyosifu. Ingia nganda yoyote ya Makiso ao Mangobo, uulize mwenye kunywa Turbo King sababu gani anaipenda. Jibu ni fupi: “Iko kali.” Uliza mtu wa Kivu habari ya kasiksi, naye atakuambia: “Ile inapiga mutu!” Hapo mazungumzo yanaisha. Hakuna anayesema kama ni tamu ao chungu, nzito ao nyepesi, safi ao imeharibika. Tunapima kinywaji kwa haraka ya kutuangusha. Maandishi haya yanataka kusema kwamba kipimo hicho ni kibovu, na kwamba kinaua ufundi wa mama zetu.

Jina lilitangulia ladha

Ugonjwa huu si wa leo. Kampuni ya bia ya Léopoldville ilianzishwa mwaka 1923, na Primus ikafuata. Katika miaka ya 1950 Polar ilikuja kushindana nayo. Ndipo Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta hapa Stanleyville, alipotoka gerezani mwaka 1957 akaenda Léopoldville na kupata kazi ya kuuza Polar. Alizunguka katika mabaa, akasema na watu, akajulikana yeye pamoja na bia yake. Tunaheshimu jina la Lumumba, lakini tuseme kweli: wengi waliokuwa wakichagua kati ya Polar na Primus walikuwa wakimchagua mtu, si kinywaji. Matangazo ya leo yanaendelea na njia hiyo. Turbo King ilitangazwa kama jambo la wanaume. Sasa, ladha ya mwanaume ni ipi? Hakuna anayeeleza.

Rangi si nguvu

Kosa la pili ni kufikiri kwamba kinywaji kikiwa cheusi ni lazima kiwe kikali. Rangi ya bia inatoka katika kimea, yaani shayiri iliyooteshwa, kisha ikakaushwa kwa moto. Ikikaushwa kidogo, bia inakuwa ya njano. Ikikaangwa sana, inakuwa kahawia hata nyeusi. Nguvu ni habari nyingine kabisa: inatoka katika wingi wa sukari ambayo chachu imeigeuza kuwa kileo.

Mfano mzuri uko Ubelgiji, katika monasteri ya Westmalle. Watrapisti wa nyumba hiyo si wageni kwetu, kwa maana walifika katika nchi yetu mwishoni mwa karne ya 19 na kukaa Bamanya, karibu na Mbandaka ya leo. Huko kwao Westmalle wanatengeneza bia mbili zenye sifa duniani. Ile nyeusi, Dubbel, ina kileo cha asilimia 7. Ile ya rangi ya dhahabu, Tripel, ina asilimia 9.5. Nyeupe inaishinda nyeusi! Mwenye kupima kwa macho tu amekwisha kudanganyika.

Tena Wabelgiji hawanywi bia zao nyeusi zenye nguvu kama sisi. Chimay ya kibandiko cha buluu, yenye asilimia 9, inapendekezwa inywewe kwenye baridi ya digrii 10 hadi 12, katika glasi pana, polepole. Baridi ya barafu inafunga pua na kulaza ulimi. Sisi, juu ya joto la Kisangani, tunaomba chupa iliyo karibu kuganda, halafu tunasema bia zote ni sawasawa. Namna gani zisiwe sawasawa, na ulimi umekufa ganzi?

Turbo King mbele ya hakimu

Tufanye kazi yenyewe. Turbo King ikimiminwa katika glasi na kuachwa kidogo ipunguze baridi, inaonyesha kahawia nzito, yenye wekundu ukiiinua mbele ya mwanga. Harufu yake ni ya sukari iliyoungua, na nyuma yake kuna kitu cha mkate uliokaushwa. Ulimini inaanza na utamu, kisha uchungu mdogo unafika. Hapo ndipo lawama yangu: inaisha upesi. Bia nyeusi nzuri inapaswa kukaa mdomoni baada ya kumezwa, kama kahawa nzuri. Hii inaahidi mengi puani na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Si mbaya, pamoja na samaki wa kuchomwa inakwenda vizuri sana, kwa sababu ule utamu unapatana na moshi. Lakini sifa ya ukali imeificha: watu hawajui hata kile kizuri kilichomo.

Kasiksi, bia nyeusi ya mikono

Sasa tuje kwa kasiksi, pombe ya ndizi ya ndugu zetu wa Kivu. Hii ndiyo tungeiita bia nyeusi ya mikono, kwa maana hakuna kiwanda ndani yake. Ndizi za pombe zinaivishwa siku kadhaa, katika shimo lenye majani ao juu ya moshi wa jiko. Zinamenywa, zinakamuliwa pamoja na majani mpaka maji yake yatoke, na maji hayo yanachujwa. Kisha unatiwa unga wa mtama uliokaangwa. Mtama huu ndio moyo wa kazi: unaleta rangi, unaleta uchungu, na unasaidia pombe ichache. Baada ya siku moja, mbili ao tatu, iko tayari.

Wazee walikuwa na njia yao ya kuihukumu, na kwa maoni yangu inapita ile ya nganda. Ningeipanga hivi.

Kwanza, macho. Kasiksi nzuri ina rangi ya kahawia yenye wekundu na povu dogo linalopumua. Povu likiwa limekufa, pombe imezeeka. Likiruka sana, bado ni changa.

Pili, pua. Inapaswa kunukia ndizi iliyoiva na mtama uliokaangwa, zote mbili. Ndizi peke yake ni dalili kwamba mtama umehurumiwa. Harufu ya siki inasema umechelewa siku moja.

Tatu, ulimi. Utamu wa ndizi na uchungu wa mtama vishindane bila mmoja kumpiga mwenzake chini. Hapa ndipo mkono wa fundi unajulikana: mtama ulioungua unaacha ladha ya majivu, ule usiokaangwa vya kutosha unaacha ladha ya unga mbichi.

Nne, uzito. Kasiksi ni kinywaji na ni chakula kidogo. Ikiwa nyepesi kama maji, methali yetu imetimia.

Tano na mwisho, nguvu. Iko, tena inaweza kupita bia ya chupa. Lakini inatakiwa ije nyuma, kama mzee anayeingia mkutanoni baada ya wengine kukaa.

Na kabla ya hayo yote kulikuwa na desturi inayojulikana kwa makabila mengi: anayetoa pombe anaionja yeye kwanza mbele ya wageni. Tumezoea kusema ni kwa ajili ya kuondoa hofu ya sumu. Ni kweli, lakini kulikuwa na maana nyingine: fundi aliweka jina lake juu ya kazi yake. Mama aliyeonja na kukunja uso hakuweza kuuza.

Hasara iko wapi

Mtu atasema: haya ni maneno ya wenye nafasi, pombe ni pombe. Hapana. Pale ambapo nguvu ni kipimo pekee, mshindi anajulikana mbele: ni lotoko, ile ya kukenekwa kwa moto kutoka mahindi ao mihogo, na leo ni vile vichupa vidogo vya viwanda vinavyouzwa bei ndogo. Hakuna bia inayoweza kuwashinda kwa ukali. Na lotoko isipotengenezwa vizuri inaweza kuwa na methanoli, kileo kinachopofusha macho na kuua. Kijana aliyefundishwa kwamba kizuri ni kile kinachopiga, tumemwonyesha sisi wenyewe njia ya huko.

Upande wa pili, mama anayejua kukaanga mtama wake sawasawa hapati faida kumshinda yule anayeharakisha. Kazi ya siku saba inalipwa sawa na kazi ya siku mbili. Baada ya kizazi kimoja, nani ataendelea kujitesa? Ufundi haufi kwa kukatazwa tu. Unakufa pia pale hakuna anayeuona.

Kwa hiyo hatuombi watu wanywe zaidi. Tunaomba wanywe kidogo, na waseme zaidi. Kila lugha ya mkoa wetu ina maneno yake ya utamu, uchungu, uchachu na harufu. Yaandikwe mbele wazee hawajaondoka nayo. Na tukipewa kikombe, tumwambie mtengenezaji ukweli kwa heshima: mama, mtama wa leo umeungua kidogo, mama, hii ya leo iko muzuri, tena hii ndiyo sababu. Hapo mgema hatatia maji, kwa maana atajua kuna ulimi unaomwangalia.