Tafsiri au Utohozi? Futuhi ya Jukwaani Iingiapo Katika Sinema

Mara nyingi husemwa kwamba mchezo fulani "umetafsiriwa" kuwa filamu. Matumizi hayo hayaturidhishi. Kutafsiri ni kuhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine. Hapa kinachobadilika ni chombo, si lugha. Kugeuza nako ni pana mno. Sisi twapendekeza kutohoa, neno ambalo wanaisimu wamekwisha kulizoea katika maneno ya mkopo. Na tulipime kwa mfano mmoja.

Mwaka 1962 ilianza kuonyeshwa mjini New York futuhi ya nyimbo iitwayo A Funny Thing Happened on the Way to the Forum. Burt Shevelove na Larry Gelbart walichota kisa chake katika vichekesho vya Plautus, mtunzi wa Roma ya kale. Nyimbo zilitungwa na Stephen Sondheim. Mtumwa Pseudolus autafuta uhuru wake kwa kumsaidia kijana wa bwana wake kumpata msichana ampendaye. Jukwaa zima ni njia moja mbele ya nyumba tatu. Kicheko chazaliwa milangoni: huyu akitoka, yule aingia, na mtazamaji ajua yasiyojulikana na wahusika. Nyimbo nazo humpa nafasi ya kupumua kabla ya vurugu kuanza tena.

Filamu ya Richard Lester ilitoka mwaka 1966, nayo ilipigwa nchini Hispania. Zero Mostel, aliyekuwa Pseudolus jukwaani, aliendelea kuwa Pseudolus. Lakini njia moja ikawa mji mzima, mbio za magari ya farasi zikaongezwa, na nyimbo nyingi zikaondolewa.

Je, huo ni utohozi? Neno dereva liliongezewa irabu kwa kuwa silabi zetu zadai hivyo, wala si kwa kupenda tu. Kadhalika, kila badiliko katika filamu halina budi kudaiwa na makao mapya. Mji twaukubali: kamera hutembea, na njia moja tu ingelichosha jicho. Nyimbo je? Sinema haikuzikataa. Mwaka 1965 tu ilikuwa imetoka The Sound of Music, filamu iliyojaa nyimbo, ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Hata wimbo wa ufunguzi uliobakizwa na Lester wakaa vizuri juu ya picha zirukazo huku na huko mjini. Basi kuondoa zilizosalia ni ukataji, si utohozi. Na hasara yake yaonekana: mtazamaji acheka, lakini hapumziki, na kicheko kisicho na pumziko huchosha.

Huenda ikasemwa kwamba neno moja litabeba maana mbili. Muktadha utazitenganisha. Faida yake ni kubwa zaidi: kutafsiri hutufanya tuulize kama filamu ni sawa na mchezo, swali lisilo na jibu, kutohoa hutufanya tuulize kila badiliko lilidaiwa na nini. Twawaomba walimu na wafasiri walijaribu, pamoja na utohozi na mtohozi.