Namna ya Kuitambua Laptopu Inayofunguka Kweli

Skrubu hudanganya. Laptopu inaweza kufunguka kwa bisibisi moja, RAM ikachomoka, betri ikatoka, na bado ikakikataa kipuri ulichokinunua kwa fedha yako. ThinkPad X230 ya mwaka 2012 ni mfano wa wazi. Fundi huibadilisha kadi yake ya Wi-Fi kwa dakika chache tu, lakini ukiwasha mashine unakutana na ujumbe namba 1802: kadi ya mtandao haijaidhinishwa. Kadi ni nzima na imekaa sawasawa mahali pake. Anayekataa ni BIOS, ambayo kiwandani iliwekewa orodha ya kadi zinazoruhusiwa, na nyingine zote hazina nafasi.

Kwa hiyo anayepima ubora wa laptopu ya kubadilishwa vipande aanze na fimwea, yaani programu kama hiyo BIOS, iliyokaa ndani ya chipu na kuamka kabla ya mfumo endeshi. Kisha atazame draiva za Linux. Skrubu zije mwisho.

Chukua laptopu ya inchi 13 ya Framework, kampuni ya San Francisco. Ilitoka mwaka 2021 ikiwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha 11, na tangu hapo kasha lilelile limepokea ubao mama wa AMD na hata wa RISC-V uliotengenezwa na DeepComputing. Kwa vyuma, sina la kuongeza. Kwa fimwea, hukumu inagawanyika. Kuna chipu ndogo inayosimamia chaji, feni na kibodi; msimbo wake ulifunguliwa Januari 2022, nao umejengwa juu ya ule ambao Google iliuandika kwa ajili ya Chromebook. BIOS yenyewe inatoka Insyde, nayo imefungwa. Tofauti hiyo ina uzito. Desemba 2023 watafiti wa Binarly walitangaza LogoFAIL, kundi la kasoro katika sehemu ya BIOS inayosoma picha ya nembo wakati mashine inawaka. Insyde, AMI na Phoenix zote ziliguswa. Mwenye BIOS iliyofungwa, hata awe mtaalamu kiasi gani, hakuwa na la kufanya ila kusubiri sasisho la kampuni.

Uamuzi wa kutumia msimbo wa Chromebook ulileta faida nyingine: keneli ya Linux tayari ilikuwa na draiva za kuzungumza na chipu za ukoo huo. Hapa ndipo ubora unapojulikana. Draiva nzuri ni ile iliyomo ndani ya keneli yenyewe. Keneli hubadilika kila baada ya wiki chache, na anayebadilisha utaratibu wake wa ndani hulazimika kurekebisha pia kila draiva iliyomo humo inayoutegemea. Draiva inayopakuliwa pembeni, kutoka tovuti ya mtengenezaji, haina mlezi wa namna hiyo. Leo inafanya kazi. Ukisasisha mfumo mwezi ujao, Wi-Fi imekatika. Mtengenezaji akijisifu kwamba anatoa draiva za Linux, muulize ziko wapi. Jibu likiwa ni faili la zipu, mshukuru uendelee na safari yako.

Nikishika mashine nisiyoijua, nawasha Linux kwa flashi, nafungua terminali na kuandika fwupdmgr get-devices. Amri hiyo ni ya fwupd, programu aliyoianzisha Richard Hughes wa Red Hat, inayochukua masasisho kutoka hazina ya LVFS ambako watengenezaji huyaweka wenyewe. Fimwea ya mfumo ikitajwa kuwa inasasishika, na SSD nayo, nimepata mashine ambayo mtengenezaji wake hajaisahau. Lenovo ilijiunga mwaka 2018, ndiyo maana ThinkPad nyingi za mtumba za miaka ya karibuni husasishwa bila kugusa Windows. Baada ya hapo naandika dmesg na kutafuta malalamiko ya faili la fimwea lililokosekana. Mara nyingi mhusika ni kadi ya Wi-Fi au Bluetooth.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni usingizi. Soma faili la /sys/power/mem_sleep. Ukiona neno deep, mashine inajua kulala usingizi mzito, RAM pekee ikibaki na umeme. Laptopu nyingi mpya zina s2idle tu, usingizi mwepesi unaoitegemea kila draiva ikizimishe kifaa chake. Kifaa kimoja kikikesha, betri inaliwa usiku kucha. Jaza chaji, funga kifuniko jioni, fungua asubuhi. Ikipungua zaidi ya asilimia 10, kwangu mimi haijafaulu. Kwenye Framework, chomoa kadi za pembeni upime tena kabla ya kuilaumu keneli, kwa sababu kadi za HDMI za toleo la kwanza zilijulikana kwa kunyonya umeme mashine ikiwa imelala.

Wapo wanaotaka zaidi ya hapo, yaani fimwea iliyo wazi, nami nawaelewa. System76 na Star Labs huuza laptopu zenye coreboot, mradi wa fimwea huria ulioanzishwa na Ron Minnich huko Los Alamos mwaka 1999 kwa jina la LinuxBIOS. Hata humo hubaki vipande vya Intel vilivyofungwa. MNT Reform ya Berlin imekwenda mbali zaidi, hadi michoro ya bodi zake iko wazi, ila prosesa yake ya mwanzo ni dhaifu kwa kazi nzito. Usitumaini kuiweka coreboot mwenyewe kwenye laptopu yoyote ya kisasa: pale Intel Boot Guard ilipowashwa kiwandani, prosesa haiwashi fimwea isiyo na saini ya mtengenezaji.

Kwa mfuko wa wengi wetu, ThinkPad ya mtumba iliyomo LVFS ni bora kuliko laptopu mpya yenye skrubu nyingi na fimwea iliyotelekezwa. Na muuzaji wa Kariakoo au Luthuli asiyekuruhusu kuwasha Linux kwa flashi yako dakika 10 mbele yake, mwachie mashine yake.