Kazi ya Mwindaji wa Bata Huanza Alasiri

Mji wa Stuttgart, jimboni Arkansas nchini Marekani, umezungukwa na mashamba ya mpunga na misitu ya mialoni inayofurika maji majira ya baridi. Baridi ikikaza kaskazini, bata mwitu aina ya mallard hushuka huko kwa wingi. Kwa kuwa maji yametapakaa, ugumu ni kujua bata watatua wapi kesho asubuhi.

Mwindaji hodari huenda kupeleleza alasiri ya kuamkia siku ya kuwinda, akiwa na darubini tu. Huyatazama makundi kwa mbali, kisha huyafuata kwa barabara za mashambani. Kundi linalopita juu kwa juu halithibitishi lolote. Linalozunguka, likapunguza mwendo na kushusha miguu, ndilo la kuwekea alama kwenye ramani.

Kisha hupima maji. Mallard hapigi mbizi akitafuta chakula. Huinamisha kichwa, mkia ukabaki juu. Kwa hiyo malisho yake mazuri ni maji ya kina kisichozidi takriban sentimita 45, yenye punje za mpunga au mbegu za mwaloni. Manyoya yanayoelea na matope yaliyotibuliwa huonyesha kwamba wamekula hapo karibuni. Wanapolala, wazoefu hupaacha patulie, maana bata wakifyatuliwa risasi hapo huweza kuhama eneo zima.

Upepo nao huamua pa kujificha. Bata hutua wakiukabili, hivyo mwindaji huupa mgongo.

Lazima pia aulize mpunga umefikaje majini. Mabaki ya mavuno ya kawaida hayana tatizo, lakini sheria ya Marekani inakataza kuwinda bata penye chambo, na marufuku hiyo hudumu siku 10 baada ya chambo chote kuondolewa.

Jambo linalopuuzwa mno ni miti yenyewe. Mialoni hii huvumilia mafuriko ikiwa imelala wakati wa baridi. Maji yakibaki hadi majira ya kuchipua, mizizi hukosa hewa. Baadhi ya misitu ya Arkansas imeshapoteza mialoni mingi kwa namna hiyo. Upelelezi kamili basi huangalia hata matawi ya juu. Yakianza kukauka, msitu huo unahitaji kupumzishwa maji, hata kama msimu huu bado umejaa bata.